Mama Chui wa Mawe Mekundu

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu, upande wa Wamaza, kwa ajili ya matanga ya mama mdogo. Nimeishi Kasongo miaka mingi sasa. Nina cherehani yangu karibu na soko, nashona sare za shule na nguo za kanisani, na safari ya nyumbani huwa naiahirisha kila mara kwa sababu njia ni mbovu na mgongo wangu si ule wa zamani. Safari hii sikuweza kuahirisha. Nilipanda pikipiki alfajiri, na jua likiwa juu ya vichwa tukafika kwenye kijito cha mwisho kabla ya kijiji. Dereva, kijana mwenye adabu, akasimama ili injini ipoe. Mimi nikageukia mkono wa kushoto, kama nilivyozoea tangu utoto, ili niyatazame mawe.

Hayakuwapo.

"Mama, unatafuta nini?" kijana akaniuliza.

"Kulikuwa na mawe hapa. Makubwa, mekundu, yamepandana mpaka juu."

"Ah, yale? Watu wa zahabu waliisha kuyavunja, mama. Hata miye sikuyakuta. Kuko mashimo tu."

Kweli, kulikuwa na mashimo, na maji yaliyotuama ndani yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilitazama mpaka kijana akaanza kukohoa kwa upole, akinikumbusha kwamba watu wa matanga wanangoja. Basi wewe ndugu yangu unayenisoma, ukae nami kidogo. Nataka nikueleze ni nani aliyekuwa akiishi pale, maana hata watoto wangu mwenyewe sijawahi kuwaeleza vizuri.

Mama yangu alifariki siku aliponizaa. Baba alikwenda Lusangi kutafuta dhahabu, akaoa kulekule, akabaki kulekule. Mimi nililelewa na nyanya yangu mzaa mama, tuliyemwita Koko. Alikuwa mfupi, mkavu, na sauti nzito kuliko mwili wake. Shamba letu la mpunga na karanga lilikuwa ng'ambo ya kijito, chini kabisa ya yale mawe mekundu. Asubuhi tulivuka maji yakiwa bado ya baridi kama chuma. Tulilowesha muhogo kwenye kidimbwi kando ya kijito mpaka ukalainika na kutoa ile harufu yake kali, ambayo mgeni huikunjia uso na sisi tuliihesabu kuwa harufu ya chakula. Mchana Koko alitwanga majani ya muhogo, akapika sombe palepale shambani, akaimwagia mawese mapya, na mpaka leo nikisikia kinu kinatwanga mahali fulani mjini, mate yananijaa kabla sijajua ni kwa nini.

Siku niliyomwona mara ya kwanza, nilikuwa nimeinama kuosha sufuria. Koko akanishika bega.

"Usikimbie," akasema. "Inua kichwa polepole. Umuangalie tu."

Juu ya jiwe la katikati alikuwa amelala chui. Mkia wake ulining'inia, na ncha yake ilikuwa ikipinda na kunyooka, ikipinda na kunyooka, kama kidole cha mtu anayewaza. Jua la asubuhi lilimwangukia ubavuni. Nilikuwa nimezoea kusikia habari za chui kwa hofu, wakati watu wanaita mbuzi waingie ndani. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ni mzuri. Mabaka yake yalikuwa kama maua meusi yaliyopangwa na mtu mwenye subira, na alipogeuka kututazama, macho yake hayakuwa na hasira wala haraka. Alitutazama kama mwenye nyumba anavyowatazama wapita njia. Kisha akalaza kidevu juu ya mikono yake, akafumba macho.

"Iko mama," Koko akanong'ona. "Ona tumbo yake. Iko na mutoto karibu."

Tulirudi nyuma kwa utaratibu, tukamaliza kuosha vyombo chini zaidi ya kijito. Toka siku ile, kila tulipofika shambani Koko alitazama juu ya mawe na kusema, "Jambo, mama," sawa na anavyomsalimu mke wa jirani. Wakati mwingine alijibiwa na jiwe tupu. Wakati mwingine aliyesalimiwa alikuwapo.

Kiangazi, majani yalipochomwa na mawe yakabaki wazi, tulimwona pamoja na mtoto wake. Mtoto alikuwa mmoja, mwenye kichwa kikubwa, na miguu isiyojua bado inakokwenda. Alikuwa akiuma mkia wa mama yake, anasukumwa, anaanguka, anarudi. Kisha mama alimbana kwa mkono mmoja na kumlamba, masikio, macho, shingo, mpaka mtoto akalegea na kulala. Sisi tulikaa chini ya kibanda cha shambani, tunachambua karanga, tunatazama. Mikono yangu ilisimama. Koko aliona, akauliza ninawaza nini, nami nikamwambia ukweli kwamba namwonea wivu yule mtoto.

Hakunikemea. Alichambua karanga chache. Halafu akasema, "Mama yako angekufanyia vile vile. Alikuwa mutu wa kubembeleza, yule. Hata kuku alikuwa anazibembeleza." Ilikuwa mara ya kwanza kwake kunizungumzia mama yangu bila mimi kuomba, na tangu hapo mawe yale yakawa mahali petu pa kumzungumzia. Kila nilichojua juu ya mama, kicheko chake, woga wake wa radi, wimbo aliopenda kuimba akitwanga, nilikijua nikiwa nimeelekeza macho kwa chui.

Shuleni kwa wamisionari mwalimu wetu alituambia kwamba kichwa cha chui kimewekwa kwenye alama ya nchi nzima, na hata timu ya taifa ya mpira inaitwa kwa jina lake. Nilirudi mbio kumweleza Koko. Alisikiliza, akatabasamu, akasema, "Sasa yeye mwenyewe anajua?"

Usidhani kila mtu alimpenda. Jirani yetu, Mwislamu mmoja mpole ambaye kila Idi alituletea nyama kabla ya kuwapelekea ndugu zake, alipoteza mbuzi wake mkubwa, na mbuzi mwenyewe alikuwa na mimba. Alikuta damu na alama za kuburura kuelekea kijitoni. Alikuja uani kwetu na waya wa chuma mkononi, macho mekundu.

"Mama, nakuheshimu," alimwambia Koko. "Lakini yule munyama wako nitamutega."

"Haiko wangu," Koko akajibu. "Lakini ukimuua, nguruwe ya pori na nyani, nani atazifukuza kwa mupunga? Weye utalala shambani mwaka muzima?"

"Na mbuzi yangu?"

Koko aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi akimvuta mbuzi wake. Hakuwa na mwingine. Akamkabidhi kamba. Jirani akabaki ameishika, anaitazama kana kwamba amepewa mtoto wa watu. Mwisho akaukunja ule waya, akautia mfukoni. Wiki ileile vijana walikata miti, wakamjengea jirani zizi la nguvu lenye paa, na Koko akapika wali wa kuwalisha wote. Mbuzi hakuibwa tena. Mpunga wetu ulikomaa mpaka mavuno, huku vijiji vya mbali na mawe vikilia juu ya nguruwe.

Halafu vita vikaja, na unajua namna vilivyokuja kwetu, sina haja ya kueleza. Tulikimbilia porini, tukakaa huko tukila majani na viazi vya mwitu. Tuliporudi, nyumba nyingi zilikuwa majivu, na zizi la jirani lilikuwa tupu. Koko aliniambia tuende shambani kwanza, kabla hata ya kutafuta mahali pa kulala. Juu ya jiwe la katikati alikuwapo, amekonda, na ubavuni mwake kuna mtoto mwingine mdogo. Koko akaketi chini kwenye magugu, akalia. Hakuwa amelia siku zote zile za porini.

Baada ya vita wakaja wachimbaji wa dhahabu. Hawakuwa watu wabaya, wengi walikuwa vijana wenye njaa kama sisi. Walijenga vibanda vyao upande wa pili wa mawe, na kwa kuwa walitaka nyama, walitega waya kila njia ya wanyama.

Asubuhi moja jirani alikuja akikimbia, amevaa kiatu kimoja. "Mama, kuya. Amenaswa."

Tulimfuata. Mguu wa mbele wa chui ulikuwa umeshikwa, na waya ulikuwa umeingia mpaka kwenye mfupa. Kwa makucha yake alikuwa ameupasua mti aliofungiwa, kote alikoweza kufika. Wachimbaji walisimama mbali na mapanga. Jirani aliwasihi waukate ule waya kwa panga lililofungwa kwenye mti mrefu, wamwache aende. Yeye, mwenye mbuzi wa zamani, ndiye aliyeomba kuliko wote. Lakini nani angesogea? Kila mtu aliyepiga hatua, chui aliruka, na waya ukazidi kuingia. Koko alisimama mbele kuliko wanaume.

"Jambo, mama," akasema, kwa sauti yake ileile ya kila siku.

Sitakudanganya kwamba alitulia. Alimkenulia meno. Mwanajeshi mmoja aliitwa kutoka kambi ya jeshi ya karibu, akaja na bunduki, akafanya kazi yake. Koko alikuwa amenivuta uso, akauficha kwenye kitenge chake, kwa hiyo kilichobaki kwangu cha wakati ule ni mlio, na harufu ya moshi na mawese kwenye kile kitambaa.

Ngozi waliichuna palepale. Ilikwenda Kasongo na sijui ilikofikia. Mwili waliuacha, kwani wengi wao hawakutaka kula. Mchana jirani alirudi na jembe lake. Mtu mmoja akamcheka, akamuuliza tangu lini anazika nyama ya pori. Akajibu bila kuacha kuchimba, "Alikuwa mama wa mutoto. Haifai alale wazi." Koko alishika jembe la pili. Mimi nilikusanya majani ya kumfunika, kwani bila ngozi yake alionekana mdogo sana, na nilimwonea haya.

Mtoto wake alilia juu ya mawe siku kadhaa. Sauti nyembamba, fupi, kama mlango unaohitaji mafuta. Koko aliacha dagaa juu ya jani chini ya jiwe, na hakuna aliyejua ni nani aliyewala. Halafu sauti ikakoma. Msimu uliofuata nyani walishuka kwenye mpunga mchana kweupe, na Koko hakuwafukuza. Aliliacha lile shamba, akalima dogo nyuma ya nyumba mpaka alipofariki. Juu ya mama yangu hakunizungumzia tena. Nadhani hakujua pa kukaa ili amzungumzie.

Sasa jirani ni mzee sana. Nilimkuta kwenye matanga, ameketi kwenye kiti cha miti, masikio yake mazito. Watoto walitukusanyikia jioni jua likiwa bado halijazama, na wajukuu zake wakaniuliza kama ni kweli tulikuwa tunaishi na chui. Nikawaambia. Msichana mmoja mdogo akauliza, "Alikuwa analia namna gani?"

Nilifungua kinywa. Nilijua mabaka yake, nilijua mkia wake, lakini sauti sikuipata. Nilijaribu, watoto wakacheka, nami nikacheka nao.

Jirani aliniuliza wanacheka nini. Nikamwinamia sikioni, nikamweleza. Akavuta pumzi, akainamisha kichwa, akaitoa: nzito, ya kukwaruza, inakwenda na kurudi kama msumeno kwenye mti mgumu. Mbwa aliyekuwa amelala chini ya kinu, mbwa wa juzi tu ambaye hata mama yake hakuwahi kumsikia chui, alisimama. Manyoya ya mgongo wake yalisimama pia. Aligeukia kijito, akatega masikio, na watoto wote wakanyamaza pamoja naye.

Tulisikiliza. Kutoka kule mashimoni ilikuja sauti ya nyundo, na mtu akimwita mwenzake alete maji.