Dalia Moja Juu ya Paa

Ukiyafikicha majani ya ua la dalia yana harufu kali, kama karoti mbichi yenye udongo, na mwaka niliotimiza miaka tisa harufu hiyo ilishinda hata ile ya dagaa iliyopanda kutoka sokoni hadi juu ya paa letu, Kariakoo. Mama alikuwa amepanga huko makopo matupu ya rangi, kila moja na mche wake, kwa mbegu alizotumiwa na bibi kutoka Marangu. Dalia ya mbegu haimfuati mama yake. Kila mche huja na sura yake. Mama alitafuta mmoja tu, utakaovumilia joto la Dar na kutoa maua ya harusi. Baba alikuwa amefariki, na duka la vitenge lilikuwa linatushinda.

Mingi ilinyauka. Mmoja ukachanua: rangi ya nyama ya papai, ncha nyeupe, na ua lake likakaa kwenye maji siku sita bila kuinama. Mama alilipeleka kwa mpambaji wa kumbi.

“Hili umelitoa wapi, dada? Niletee ndoo nzima kila Ijumaa!”

“Nipe mwaka,” mama alijibu, akapanda ngazi akiimba Kichaga.

Ili kupata miche mingine ya ua lile lile, ilibidi agawe viazi vya mche ule, mizizi yake minene iliyo chini ya udongo. Alikata shina, akaacha udongo ukauke. Ndipo msiba ukamwita Marangu.

“Usiumwagilie,” aliniagiza. “Haujafa, umelala.”

Lakini mimi niliona udongo umepasuka, nikaona kiu. Kila nikitoka shule nilimwaga kikombe kimoja, nikijiona mtoto mwema. Mama aliporudi alichimbua kwa vidole. Viazi vikatoka kama uji, vinanuka.

“Ulimwagilia?”

“Ndiyo, mama. Nilidhani unakufa.”

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Maji yakimwagika hayazoleki; alifuta vidole kwenye kanga, akaketi juu ya ndoo hadi adhana ya magharibi. Alipanda mbegu tena miaka miwili. Yakaja mekundu, yakaja ya zambarau, lile halikuja. Tukafunga duka, tukahamia Kimara.

Nyumba ile imevunjwa, limesimama ghorofa la maduka, na kumbi nyingi sasa hupambwa kwa maua ya plastiki. Mimi hupanda mbegu za dalia kila mwaka na kumpelekea mama ua moja. Mwaka huu aliligeuzageuza.

“Lile letu lilikuwa rangi gani vile?”

“Ya papai, mama. Ncha nyeupe.”

“Mh. Mimi nakumbuka la njano.”

Nami sina la kumwonyesha.