Mbegu za Limau Kwenye Wavu wa Omena

Nakumbuka ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Karungu limeshakuwa kali, nilipomwaga mbegu za limau kwenye wavu ambapo mama mkwe wangu alianika omena, wale dagaa wa ziwani. Nilikuwa mgeni katika boma lile, mwanangu, na nilitaka sana kumwokolea mchungwa wake. Marehemu mumewe ndiye aliyeupanda, na sasa ulikuwa unaoza kuanzia chini. Nilikuwa nimesoma kwamba ukichukua jicho la mchungwa, yaani kichipukizi cha tawini, ukalibebesha kwenye mche wa limau, mti huanza upya juu ya mizizi yenye nguvu. Lakini miche ilipaswa kukua kabla ya tawi la mwisho kukauka.

Mama alisimama akacheka, akaniita binti wa Migori kwa Kijaluo. "Nyar Migori, na hizi tutazipima kwa kopo la gorogoro kama omena?"

"Nazikausha, Mama. Mbegu mbichi huoza."

Kwetu Migori mahindi na maharagwe ya kupanda lazima yapigwe na jua, na sikuona kwa nini limau liwe tofauti. Nilizianika mpaka zikawa zinachakarika mkononi. Nikapanda, nikamwagilia, nikangoja. Haikuota hata moja. Nikalaumu udongo, nikalaumu kuku, nikamlaumu hata aliyeniuzia malimau.

"Umemaliza kulaumu?" Mama aliuliza. "Basi njoo."

Alinipeleka kwa jirani, chini ya mlimao. Kivulini, kwenye majani yenye unyevu, limau moja lilikuwa limeoza, na ndani yake vilichomoza vichipukizi vitatu vya kijani.

"Haya niambie. Mbegu hizi nani alizianika?"

Tulipasua malimau mapya siku hiyohiyo, tukaosha ule utelezi, tukaziacha mbegu kivulini maji ya juu yaishe tu, tukazipanda. Hizo ziliota. Wakati wa kuihamisha, miche iliyokuwa na mzizi uliopinda niliitupa, ingawa iliniuma, kwa sababu mti wa mzizi uliopinda hausimami vizuri.

Miche ilipofikia unene wa penseli, mchungwa ulikuwa umebakiwa na tawi moja lenye majani, upande wa ziwani. Nilipoinua kisu kuchukua macho, Mama alinishikia mwavuli yasipigwe na jua.

"Polepole, nyar Migori. Huyo ni mume wangu."

Macho karibu yote yalishika kwenye miche ya limau. Mti wa zamani tuliupasua kuni, na Mama aliishi hadi akala machungwa ya ile mipya. Ndiyo hayo unayoyachuma ukija likizo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikabidhiwa kitu usichokijua, iwe mbegu, kazi au mtoto, usikilee kwa desturi ya kile ulichokizoea. Kitazame kwanza kinavyoishi bila mkono wako. Na ukikosea, usikae sana kwenye lawama, maana wakati unaoutumia kulaumu ndio ambao ungekuwa unapanda tena. Mungu akupe jicho la kutazama na mkono wa taratibu, na katika kila unachoogopa kukipoteza akuachie tawi moja bichi la kuanzia.