Mshonaji wa Ngezi Aliyetengenezwa Moyo

Jumanne asubuhi mke wangu alinipigia simu: mama aliyetushonea nguo za harusi, jirani yetu wa mtaa wa Ngezi, amefariki kwa homa ya mapafu. Nikajikuta natabasamu. Wasomaji mtanisamehe. Mwanamke huyo tulikwisha kuanza kumlilia miaka kumi na mmoja iliyopita, na yote aliyoishi baadaye aliyaishi kwa furaha isiyo na kiasi.

Wakati ule hakuweza kutoka kwenye cherehani hadi mlangoni bila kusimama kuvuta pumzi. Miguu ilivimba, usingizi aliupata akiwa ameketi. Kila mtu alisema ni asma. Nilimsindikiza kwenye kituo cha afya kule Rwambuzi, ambako muuguzi mmoja mzee alimwekea kipimo kifuani, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mama, hii haiko asma. Mulango moja ya moyo yako haifunguke muzuri."

"Nikiwa mutoto nilikuwa naumwa sana koo na magoti. Njo ile?"

"Njo ile, mama," muuguzi akakubali. "Ile ugonjwa ya koo njo iliharibu moyo."

Picha ya moyo ilithibitisha: valvu, yaani ule mlango wa moyo, ilikuwa imekakamaa, na upasuaji ungefanyika Kampala tu. Wanawe walilia waliposikia kwamba kifua kitafunguliwa. Yeye akacheka. "Siku yote miye nakata nguo, nashona, inakuwa muzuri. Acha na miye banikate."

Alisafiri kupitia mpakani Aru, akarudi na valvu ya chuma na dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo hakuikosa hata siku moja. Jumapili yake ya kwanza kanisani, kimya cha sala kilipotanda, tulisikia tik-tik-tik. Shemasi akageuka kutafuta mwenye saa. "Ni miye!" mama akasema kwa sauti. "Niko najibu Amina!" Hata mchungaji alishindwa kuendelea kwa kicheko.

Tangu hapo hakumwacha mtoto yeyote wa mtaa augue koo nyumbani. Binti wa familia moja iliyokimbia vita vya Djugu alivimba magoti. Mama yake alidhani ni uchovu wa njia. Mshonaji wetu alimshika mkono hadi kituoni, na binti akachomwa sindano ya kulinda moyo kila mwezi kwa miaka. Moyo wake ni mzima, na leo anasomea uuguzi. Juzi makaburini ndiye aliyeongoza nyimbo.

Upasuaji ulimwokoa mmoja. Masikio ya muuguzi na ukaidi wa jirani viliokoa wengine. Basi, kama kuna mtoto nyumbani kwako anayelalamikia koo, weka gazeti chini, umpeleke sasa.