Saa ya Kusafiria Ziwa Basotu

Nilirudi kutoka pwani na stashahada ya ubaharia niliyoisomea kwa pesa zangu mwenyewe, nikaunda mashua yenye tanga, ya kwanza katika ukoo wetu. Ilibaki saa ya mkono. Dukani Katesh nilipenda ile inayoonyesha maji kujaa na kupwa, lakini ilitaka nichague bandari, na Basotu haikuwamo. Nikaweka Mtwara. Mjomba, mvuvi niliyekuja naye dukani na niliyetaka awe abiria wangu wa kwanza, akauliza inasemaje.

"Maji yamekupwa, mjomba."

"Yameenda wapi? Asubuhi ng'ombe wamekunywa palepale pa jana. Ukiifuata hiyo, msomi, mimi sipandi."

Nikachukua saa ya kawaida ili apande. Lakini mpaka leo sielewi ziwa kubwa vile linawezaje kukaa tu, bila kujaa wala kupwa.