Mgonjwa Mmoja Aliyekumbuka

Kikohozi kimoja, kifupi, cha mtu asiye na mafua. Ndivyo mume wa fundi cherehani alivyobisha hodi kwenye chumba cha mkewe cha kushonea miaka yote ya ndoa yao, na wateja walishazoea kumtania fundi: "Haya, mwenye nyumba kakohoa, tufungashe!" Naye alicheka na pini mdomoni.

Siku mzee huyo alipoingia bila kukohoa, akasimama mlangoni na kuuliza kwa adabu, "Samahani mama, fundi yupo?", fundi alidhani ni mzaha. Mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa maneno mengi. Akamjibu, "Kafa, tumezika jana." Mzee akampa pole. Pole ya dhati, machozi yakimlengalenga.

Hospitalini wakasema ni Alzeima. Daktari alieleza taratibu kwamba dawa zilizopo huweza kupunguza makali kwa muda, lakini haziuponyi ugonjwa. Fundi alisikia nusu. Nusu nyingine aliitafuta kwenye simu, na simu haina uchoyo: ikampa matone, mafuta, mizizi, na ushuhuda wa mwanamke aliyevaa gauni lake la enzi za uchumba, mumewe akamkumbuka papo hapo.

Lake halikuwepo tena, na mwingine angekata tamaa. Fundi alikata jipya kwa kukumbuka tu: kitambaa cha buluu, kola ya mviringo, mfuko mmoja ubavuni. Alikosea kitu kimoja, nacho ni kulishona sawasawa. Mzee alipoliona alimnyooshea kidole.

"Vua! Hilo la mke wangu. Umeliiba wapi?"

"Ni mimi, baba watoto. Mimi ndiye mkeo."

"Mwizi!" Alipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Ndipo fundi akaenda maktaba ya chuo cha uuguzi. Mkutubi, mwanamume mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa waya, alimsikiliza bila kumkatiza.

"Unatafuta nini hasa, mama?"

"Mgonjwa mmoja aliyekumbuka. Mmoja tu, lakini wa kweli."

Mkutubi akaomba kwanza auone ule ushuhuda wa gauni. Akausoma hadi chini kabisa. "Tazama. Mwandishi hana jina, daktari hayupo, tarehe hakuna. Na hapa mwisho wanauza matone."

Fundi akaichukua simu yake. "Mimi nguo ya watu huigeuza kwanza nione mishono. Hii sikuigeuza."

"Basi tuzigeuze zote."

Wakaanza kukagua ushuhuda na ripoti za wagonjwa, moja moja. Nani kaandika? Wagonjwa walifuatiliwa kwa muda gani? Wataalamu gani wengine wamekagua? Nani kagharamia? Fundi alikuja kila alipopata jirani wa kukaa na mzee, na mkutubi akamsomea kwa lugha nyepesi habari za mwalimu aliyepotea kwenye shule yake mwenyewe, na za mpishi aliyelilia mama yake. Kadiri ripoti ilivyoaminika, ndivyo ilivyomkata maini. Waliopona wote walikuwa upande wa matone.

"Huna hata mmoja wa kunidanganya vizuri?" aliuliza siku moja. Mkutubi akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

Katika ripoti ya mwisho alikuwemo mwanamke aliyemkana mumewe kila jioni. Watafiti waliandika kwamba mume alipobishana naye, mgonjwa alishikwa na hofu, akakataa kula. Mume alipoacha kubishana, mgonjwa alitulia.

"Akamkumbuka?"

"Hapana, mama. Alitulia tu."

"Rudia hapo."

Mkutubi akarudia. Fundi akamshukuru, akachukua mkoba wake, hakuomba ripoti nyingine.

Nyumbani aliagana na jirani, akavuta kigoda mbele ya kiti cha mzee, akaanza kumfunga upya vifungo vya shati, maana mzee alikuwa amevikosea. Mzee akamshika mkono, akauondoa kifuani pake pole pole.

"Mama, mimi nakuheshimu. Ila usikae hapa. Mke wangu ana wivu huyo! Akikukuta, leo sina amani."

Jibu likamjaa mdomoni, lile lile la siku zote. Akalimeza.

"Anarudi saa ngapi?"

"Sijui." Mzee akautazama mlango. "Siku hizi anakawia."

Fundi akainamisha uso asionekane.

"Basi," akanong'ona, "niruhusu nikae mpaka atakapokuja."