Kiti cha Shangazi Ukutani

Shilingi elfu kumi na nane na mia tano. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natumaini nimekosea. Ndizo zilizonitoka kukikomboa kiti cha nyumbani kwetu, kiti kilichoondoka bure, mchana kweupe, kwa heshima zote.

Kosa langu ni kumpeleka mteja Msambweni. Mimi ni dalali wa fanicha kuukuu, kituo changu Ukunda. Nazunguka vijijini nikitafuta makasha, vitanda na milango ya zamani, kisha nawauzia wanaopamba majumba ya Diani. Mteja huyu ni mwanamke wa bara, na jicho lake silikanushi: akiuona mlango wa mvule umelazwa bandani kwa kuku, anajua umri wake kabla hajaugusa. Kitu kikiwa kwetu ni kikuukuu. Kikipita mikononi mwake kinakuwa vinteji, na bei inapanda kabla vumbi halijafutwa.

Siku hiyo kasha tulilolifuata tulikuta mchwa wameshalinunua. Jua kali, nikasema tupite kwa shangazi tunywe maji.

"Sasa, shosho," mteja akamsalimu, kama bibi yake wa bara.

Nikaiwahi aibu: "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni, karibu. Mwenzetu anashughulika na nini?"

"Ni mbunifu wa mambo ya ndani," nikamjibu.

Shangazi akanitazama. "Mambo ya ndani ya nani?"

Mteja hakusikia. Alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kiti cha mbao ya mbambakofi, kifupi, kilichosukwa kwa kamba, mikono yake imelainika kwa kushikwa. Shangazi huswalia juu ya kiti hicho tangu magoti yamkatae. Urefu wake umemkaa sawasawa: nyayo zinafika chini, na akitaka kuinuka anaishika ile mikono. Hakuna mwingine anayekikalia.

"Ai, hii kiti! Hii haiwezi kupitwa na wakati. Angalia hiyo rangi, hakuna fundi anaweza kuipata. Nimeipenda, shosho. Nimeipenda sana."

"Ahsante, mwanangu. Chako hicho."

Aliyezaliwa huku anajua la kujibu. Anasema ahsante, kikae papo hapo kimependeza, kisha anaisifu chai. Yale ni maneno ya kupokelea sifa tu. Mimi niliyasikia tu, nikatoka kwenda uani kubishana kwenye simu na mwenye kasha anayetaka nilipie na mchwa. Niliporudi, kiti kilikuwa nyuma ya gari, kimefunikwa blanketi kama mgonjwa.

"Shosho amenipa!" mteja akaniambia, machozi yanamlenga.

"Shangazi, kiti!"

"Nimeshasema," akanijibu kwa sauti ya chini, mkono juu akimpungia. "Usiniaibishe mbele ya mgeni."

Wiki iliyofuata nilimkuta anaswalia juu ya kiti cha plastiki alichoazimwa na jirani. Kila akijiinua, kiti kinateleza kurudi nyuma. Mara moja kilimwacha kabisa, kiwiko kikavimba. Hakunililia. Aliniuliza tu kama nimekula.

Nikaenda Diani, kwenye nyumba ambayo mteja alikuwa akiipamba. Kiti nilikikuta ukutani. Sisemi kando ya ukuta. Ukutani, juu ya ngazi, kimetundikwa na kumulikwa taa.

"Mtu atakikalia vipi?"

"Hakikaliwi, dada. Sasa ni sanaa."

Nikamweleza habari ya magoti na swala. Akasikitika, lakini akashika lake: "Si alisema ni yangu? Ulikuwa hapo."

"Alisema. Hakumaanisha."

"Na akimaanisha anasemaje?"

"Anasema vilevile. Ila anakubebea mwenyewe mpaka garini."

Akaniangalia kama mtu aliyetapeliwa na kamusi. Mwenye nyumba alikuwa ameshamlipa elfu thelathini. Tukavutana mpaka chai ikapoa, nikamshusha hadi elfu kumi na tano, kwa ahadi kwamba nitamtafutia kingine cha kutundika. Elfu mbili za pikapu, elfu moja na nusu za fundi wa kuziba matundu ya misumari. Hapo ndipo jumla ilipozaliwa.

Shangazi akanipokea mlangoni.

"Mgeni amekirudisha?"

"Nimekinunua."

"Hongera. Kipeleke kwako."

"Shangazi, hiki ni chako."

"Mimi nilishatoa. Leo nikikipokea, nitakuwa nimempa mgeni kitu kisha nikamtuma mtu akakidai. Ingia ule."

Nikala. Kiti kikangoja barazani, kisha nikaondoka nacho.

Sasa kiko sebuleni kwangu. Nimemnunulia kipya, imara, akasema kizuri, lakini miguu inaning'inia. Juzi nikamwalika chakula cha mchana, nikakiweka kile cha zamani kuelekea kibla, mswala mbele yake. Adhuhuri ikaadhiniwa. Akakitazama kidogo, akakizunguka, akaenda kuswalia ukingoni mwa kitanda changu. Wakati wa kuinuka alishika pazia, na pazia lote likaja naye.

"Magoti vipi, shangazi?"

"Alhamdulillahi. Pazia lako ndilo dhaifu."

Bei najua kuikata. Kumrudishia mtu kitu bila yeye kuonekana amerudishiwa, hilo sikulijifunza Ukunda wala Diani. Wewe unayesoma, hasa kama ulilelewa na mwanamke wa namna hii, nakuomba ushauri: nimuendee na neno gani, au nimtume nani?