Marehemu Wetu Kwenye Kompyuta Kubwa

Kompyuta ile ilikuwa nzito kama mfuko wa sembe wa kilo tano, na hapo siongezi chumvi. Kioo chake kilikuwa kipana kuliko televisheni ya mpangaji wetu wa chumba cha mbele. Pembeni ilikuwa na vitufe vya namba kama mashine ya kupigia hesabu dukani, na chaja yake ungeweza kuitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo. Kiswahili cha shule kinasema kompyuta mpakato, maana yake ya kuwekwa mapajani. Ile ukiiweka mapajani unaungua. Tangu siku ilipoingia nyumbani kwetu Kariakoo ilikaa juu ya meza, karibu na dirisha la uani, ikifunikwa kitambaa cha kudarizi kama mgeni wa heshima.

Niliinunua kwa mtoto wa tajiri yangu, Mhindu mwenye duka la vitambaa nilimokuwa nikisimama kutwa kupimia watu mita za satini. Kijana alikuwa anahamia ng'ambo na hakutaka kubeba mzigo. Aliniambia ukweli, kwamba hii si ya kutembea nayo, ni ya kuweka mahali, kwa sababu betri imeshachoka na bawaba za kioo zinalegea. Nilimjibu kwamba na mimi sina pa kwenda. Zamu yangu ya kupokea kwenye mchezo wetu wa kuchangiana pesa ilikuwa imefika mwezi ule, nikatoa pesa yote.

Kompyuta ya mezani sikuitaka. Ilikuwa miaka ya mgao, umeme unakatika ukiwa katikati ya sentensi, na kompyuta za mezani zilikuwa zinazima na kazi yote iliyomo. Hii kubwa, pamoja na uchovu wa betri yake, ilikuwa inakupa dakika kama kumi za kuhifadhi ulichoandika na kuizima kwa adabu. Nilitaka kuchapa kadi za harusi na za vikao nyumbani, niachane na duka. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yangu yote, na siku hizi nikiikumbuka naona ilikuwa ndogo sana kwa madhara iliyoleta.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na baba. Mama alishafariki, kaka zangu wawili walishahamia Mbagala na Kigamboni, na vyumba vingine vya nyumba ya urithi tulivipangisha. Baba alikuwa karani wa shirika la umma kwa miaka mingi, mpiga taipu wa vidole kumi asiyeangalia mikono. Soko huria lilipokuja shirika likauzwa, na wanunuzi wakaona hawana haja na makarani. Alirudi nyumbani na bahasha na saa ya ukutani. Baada ya hapo macho yakaanza kumzimikia. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi.

Baba aliidharau kompyuta kwa wiki moja tu. Wiki ya pili nikamkuta ameketi mbele yake, vidole viko mahali pake kama vile hakuwahi kuondoka ofisini. Akaniambia nimkuzie herufi. Nikazikuza. Akasema bado. Nikazikuza mpaka neno moja likajaa nusu ya kioo, na hapo akacheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu mama afe. Alikuwa anasogeza uso karibu na kioo, pua inakaribia kugusa, anasoma herufi moja moja kwa sauti. Kwa miaka mitatu alikuwa hajasoma kitu kwa macho yake mwenyewe. Kwa kompyuta ndogo asingeweza. Naliandika hili ili ijulikane kwamba kulikuwa na siku njema.

Kazi aliyoitaka ilikuwa moja. Kila mwaka mwezi wa Shaabani alikuwa anasoma hitima pale nyumbani. Shehe anakuja na watu wa mtaa, msahafu unagawanywa juzuu juzuu, wanawake uani tunapika pilau, na mwisho kwenye dua majina ya marehemu wa ukoo yanasomwa moja moja ili kila mmoja arehemewe kwa jina lake. Kwetu majina yalizidi mia. Yalikuwa kwenye daftari kubwa la jalada gumu alilolirithi kwa babu, aya na dua kwenye kurasa za mwanzo, kisha watu: wa Kilwa, wa Mafia, wa Bagamoyo, na waliozaliwa na kufia Kariakoo. Humo mlikuwa na mwanamume aliyezama akivuka kwenda Mafia. Mlikuwa na mwanamke aliyemnyonyesha babu, ambaye hata ndugu hakuwa, na duniani hapakuwa na mtu mwingine aliyemkumbuka isipokuwa lile daftari na baba. Mtu asiyetajwa, baba alikuwa anasema, amekufa mara ya pili.

Basi tukalinakili. Kila siku baada ya swala ya alasiri mimi nasoma, yeye anachapa. Kila jina lilikuwa na habari zake, na baba alikuwa anasimama kuchapa ili anisimulie huyu alioa wapi, huyu aligombana na nani kwa shamba gani. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Nilikuwa na kadi za watu zinanisubiri, na nilikuwa nasema, "Ehe, baba, anayefuata." Nilisema hivyo mara nyingi sana.

Tulipomaliza, niliiweka orodha usoni kabisa mwa kompyuta, peke yake katikati, na alama yake kubwa, ili akiwasha tu aione. Daftari lenyewe lilikuwa limeliwa na mende na mchwa, kurasa zinamwagika. Baba akasema karatasi zenye neno la Mungu haziwezi kuachwa zikizagaa kwenye nyumba ambayo kesho huenda ikavunjwa ijengwe ghorofa, mafundi waje wakanyage. Kwetu karatasi ya namna hiyo haitupwi jalalani. Inachomwa kwa heshima na majivu yake yanapelekwa penye maji. Tulilichoma uani juu ya jiko la mkaa, ukurasa mmoja mmoja, na majivu tukayapeleka Magogoni. Aliyamwaga mwenyewe, amenishika bega. Alikuwa na furaha kabisa. Alisema sasa marehemu wetu wako mahali ambapo mchwa hafiki.

Nilifikiria siku ileile kununua flashi niweke nakala. Nikasema kesho.

Miezi ikapita. Mteja mmoja wa kadi akaniletea picha kwenye flashi yake, na flashi ile ikaja na virusi. Kompyuta ikawa inawaka na kuzimika, inapumua moto, feni inalia kama mashine ya kusaga. Harusi ya mtu ilikuwa Jumamosi na ile ilikuwa Jumatano. Niliifunga kwenye kanga, nikaibeba kwa mbinde mpaka kwa fundi, ghorofa ya pili ya jengo moja karibu na Msimbazi. Mafundi wa Kariakoo wakati ule walikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote, nayo ni kupiga window: unafuta kila kitu, unaweka upya. Kwa hiyo walizoea kuigawa kompyuta vyumba viwili. Chumba cha kwanza kinaitwa C, ndicho kinachofutwa. Chumba cha pili ni D, hicho hakiguswi, na mteja anafundishwa kuweka vitu vyake humo. Mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Kadi zangu zote zilikuwa D.

Fundi akaniuliza bila kuniangalia, "Dada, vitu vyako viko D?"

Nikamwambia viko D vyote, afanye haraka, nina harusi ya watu. Kitu kilichowekwa usoni mwa kompyuta kimo ndani ya C. Hilo nilikuwa nalijua. Sikulifikiria tu.

Niliporudi nyumbani nikaiwasha, uso ulikuwa wa bluu, safi, hauna kitu. Nilifungua D, kadi zote zilikuwepo, maua na pete, bwana fulani na bibi fulani wanawakaribisha. Wanaoolewa walisalimika wote. Nikaibeba tena kwenda kwa fundi, na sijui nilipandaje zile ngazi. Alijaribu programu ya kutafuta vilivyofutwa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri ya siku ya pili, akapata vipande vya picha za mtoto wa tajiri akiwa ufukweni. Majina hakuyapata. Aliponirudishia hakunilaumu. Alisema tu, "Nilikuuliza, dada." Kweli aliniuliza.

Sasa nifike penye aibu yangu. Baba alikuwa mzima wa akili. Majina yote yalikuwa bado kichwani mwake. Ningemwendea nikamwambia baba nimeharibu, angenisema siku mbili, angenuna siku ya tatu, ya nne tungeketi tuanze upya, yeye anataja, mimi nachapa. Hilo tu. Lakini mimi tangu utoto siwezi kukubali kosa, najikuta nimekasirika kabla sijajieleza, na hitima ilikuwa imebaki wiki mbili. Nikasema nitayakumbuka mwenyewe. Niliketi siku tatu. Nilikumbuka arobaini na kitu. Yaliyobaki niliyatunga. Majina ya ukoo wa pwani si magumu kutunga, yanajirudia, bin huyu binti yule, unabadilisha hapa na pale. Yule mwanamke aliyemnyonyesha babu nilimkumbuka mwenyewe, jina lake sikulikumbuka. Nikampa jingine.

Nilidhani nitamsomea mimi, haraka haraka, yapite. Nilisahau nimeleta nyumbani kompyuta ya namna gani. Baba aliketi, akasogeza uso wake kwenye kile kioo kipana, akaanza kusoma mwenyewe. Alisoma kwa muda wa saa nzima. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika kitambaa cha kudarizi. Akafika kwenye jina moja akaweka kidole juu yake.

"Huyu ni wa nani?"

Nikamwambia ni wa upande wa Mafia, alimchapa yeye mwenyewe.

Akakiondoa kidole. Akaendelea. Kisha akauliza mke wa ami yake mkubwa yuko wapi, mbona hamwoni. Nikamjibu labda siku ile alimruka wakati wa kuchapa, mimi nilimsomea kila jina. Nilikuwa nimeanza kukasirika, na sauti yangu ilikuwa na ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyenipotezea muda. Akarudi juu, akasoma tena jina la yule mwanamke niliyempa jina lingine. Midomo yake ilikuwa inajaribu jina jingine, la kweli, naliona linataka kutoka. Akaliacha.

"Basi, mwanangu," akasema, "kichwa nacho kimeanza kunitoka, pamoja na macho."

Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa ndefu kabisa, ungeweza kunywa kikombe cha maji. Nikasema ni uzee tu, baba, kila mtu anasahau.

Hitima ilisomwa, kaka mkubwa akayasoma majina kwenye karatasi niliyochapa, watu wakaitikia. Mwaka wa nyuma baba alikuwa anayafuatisha yote kwa midomo, kwa moyo, kutoka la kwanza mpaka la mwisho. Mwaka ule alikaa na mikono magotini, akimsikiliza kaka kama mgeni kwenye hitima ya watu.

Kuanzia hapo akaacha kujiamini. Alikuwa ananiuliza kama ameshaswali, na alikuwa ameshaswali. Ananiuliza kama mpangaji wa mbele ndiye yuleyule. Kompyuta hakuikaribia tena. Nilitubu kwa njia yangu ya woga: nikamwomba anisimulie wazee wa Kilwa, nikiwa na kalamu mfukoni, nikitumaini yatoke yenyewe nami niyarudishe kimyakimya mahali pake. Alikataa. Alisema hana uhakika tena nani ni nani, na hataki kuwasingizia wafu. Nilimwomba mara ya pili, ya tatu. Alinipapasa mkono akasema nisihangaike, yote si yameandikwa, nimwache apumzike.

Aliishi miaka miwili baada ya hapo. Hakuwa na maradhi ya kichwa, daktari hakuona kitu. Alikuwa tu mtu aliyeambiwa na binti yake kwamba amesahau, akaamini.

Kwenye hitima ya arobaini yake kaka mkubwa alitaka orodha ichapwe upya. Alisema mbele ya watu kwamba tumshukuru Mungu baba alikuwa karani, hakuondoka mpaka ameacha kila mtu ameandikwa. Shehe akasema maneno mazuri juu ya watu wanaotunza ukoo wao. Wanawake uani wakanitazama kwa upendo, kwa kuwa ilijulikana mimi ndiye niliyemsaidia.

Nikaingia chumbani, nikatoa kitambaa, nikawasha. Herufi zilikuwa bado kubwa vilevile alivyoziacha, sikuwahi kuzipunguza, na jina la baba nilipolichapa lilijaza kioo peke yake kutoka ukingo hadi ukingo. Nililiandika mwisho wa orodha. Juu yake kuna mwanamume ambaye hakuwahi kuzaliwa, na kaka zangu wanamwombea kila Shaabani.